Taa ndogo ndani ya modeli: kuiwasha ni rahisi, kazi ni kuizuia

Mpwa wangu alimaliza lori lake la modeli la plastiki, la kipimo cha 1/24, yaani dogo mara 24 kuliko lori halisi, akalipaka rangi, akabandika mpaka vioo, kisha akanitumia picha na swali: "Mjomba, sasa taa tunaziingizaje?" Nikamjibu kwamba haziingii. Lori likishafungwa kwa gundi limefungwa. Unaweza kulitoboa tumboni ukapenyeza waya kwa kijiti huku ukimwomba Mungu, lakini utamaliza jioni nzima kwa kazi ambayo ingechukua dakika chache kabla ya gundi, na mwanga utavuja kila penye mshono. Hilo lori nilimwambia aliache kabatini, liko vizuri lilivyo. Tuanze na lingine.

Nikaona heri niandike yote mahali pamoja, kwa ajili yake na kwa mwingine yeyote anayeunda magari, ndege, meli, vijumba au mandhari ya treni na hajawahi kushika LED. Watu wengi huogopa upande wa umeme. Umeme wenyewe ndio sehemu rahisi, nitaumaliza kwa aya chache. Kinachotenganisha modeli iliyowashwa vizuri na gari la kuchezea la mtoto ni jinsi mwanga ulivyozuiwa usiende usikotakiwa, na jinsi ulivyopunguzwa. Hilo nitalirudia mpaka unichoke.

LED ni diodi inayotoa mwanga, na diodi hupitisha mkondo upande mmoja tu. Ina miguu miwili: mrefu ni wa chanya, mfupi ni wa hasi. Tatizo ni kwamba kitu cha kwanza unachofanya kwenye modeli ni kuikata miguu hiyo, na alama inaondoka nayo. Hapo tazama ukingo wa kikofia, yaani kichwa cha plastiki cha LED: upande wa hasi umekatwa bapa kidogo, unausikia hata kwa kucha. Ukiiinua mbele ya dirisha utaona ndani vipande viwili vya chuma, na kile kikubwa kwa kawaida ndicho cha hasi. Nimesema kwa kawaida. Mwamuzi wa mwisho ni multimita, kifaa cha kupimia umeme: iweke kwenye alama ya diodi, gusisha ncha zake kwenye miguu, na ukipatia upande LED itawaka kwa unyonge. Mimi hupima kila LED kabla haijaingia kwenye modeli, hata iliyotoka kwenye pakiti mpya, kisha naweka nukta ya rangi nyekundu kwenye waya wa chanya.

Ukiigeuza haitawaka, basi. Lakini usiizoeze hivyo kwa betri kubwa, maana nyingi zimeandikiwa kuhimili takriban volti 5 tu za kinyume.

Kila rangi ina volti zake. Nyekundu hutaka kama volti 2, njano na chungwa ziko hapo hapo, nyeupe na bluu hutaka volti 3 na kidogo juu. Tofauti hiyo haikuwekwa na kiwanda kwa kupenda. Mwanga wa bluu una nishati kubwa kuliko mwekundu, na nishati hiyo lazima ilipiwe kwa volti. LED nyeupe, kwa taarifa yako, kimsingi ni ya bluu iliyofunikwa na unga wa njano. Mwanga wa bluu ukichanganyika na wa njano jicho linaona weupe. Ndiyo maana vidude vyeupe vya kubandika, zile LED ndogo zisizo na miguu, vina doa la njano vikiwa havijawaka. Nick Holonyak wa General Electric alionyesha LED nyekundu inayoonekana kwa macho mwaka 1962, lakini bluu yenye mwanga wa kutosha ilisubiri mpaka miaka ya 1990, na Wajapani watatu walioifanikisha, Akasaki, Amano na Nakamura, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Bila wao sisi wa modeli tungekuwa bado tunawasha taa za breki tu, huku taa za mbele tukitumia vibalbu vya uzi vinavyoyeyusha plastiki.

Sasa rezista. LED haijui kujizuia. Ukiipa nafasi itavuta mkondo mpaka iungue. Rezista ndiyo breki yake. Hesabu yake ni ya darasani: chukua volti za betri, toa volti za LED, gawanya kwa mkondo unaoutaka. Betri ya volti 9 na LED nyeupe ya volti 3: zinabaki 6. Ukitaka miliampia 10, yaani ampia 0.01, unapata omu 600 (omu ndicho kipimo cha nguvu ya rezista kuzuia mkondo). Rezista ya 600 si rahisi kuipata, kwa hiyo unapanda hadi ya juu yake inayopatikana kila mahali, 680, yenye mistari ya bluu, kijivu na kahawia. Daima panda, usishuke. Rezista ndogo za robo wati zinatosha kabisa kwa kazi hizi.

Hapo ndipo maelezo mengi huishia, na hapo ndipo mimi naanza kugombana nayo. LED nyingi za milimita 3 na 5 huandikiwa miliampia 20. Hicho ni kiwango cha juu cha kuitumia mfululizo. Hakuna aliyekuamuru ukifikie. Kwenye ndege ya 1/72, LED nyeupe inayokula miliampia 20 ni kurunzi. Huoni ndege, unaona nukta kali yenye ukungu, na rangi uliyoipaka kwa wiki nzima inaonekana imeungua. Mimi huanza na miliampia 2. Kwa betri ile ile ya volti 9, ni 6 gawanya kwa 0.002, omu 3000, nachukua 3300: chungwa, chungwa, nyekundu. Kwa taa za ndani ya nyumba mara nyingi naenda mpaka omu 10,000, mkondo unashuka chini ya miliampia moja, na bado LED za siku hizi zinawaka vizuri. Jicho halihesabu kama mita. Ukipunguza mkondo nusu, utaona mwanga umepungua kidogo tu. Kwa hiyo usiogope kushuka sana.

Usipoamini hesabu, fanya kwa macho. Chukua potenshomita, ile rezista ya kuzungusha kama ya sauti ya redio, ya omu 10,000 au 20,000, iunge mfululizo, yaani mkondo upite moja kisha nyingine, na rezista ya kudumu ya omu 470 ili hata ukizungusha mpaka mwisho LED isiungue. Zima taa za chumba. Weka LED mahali itakapokaa kwenye modeli, zungusha taratibu mpaka useme hapo hapo. Ondoa betri, pima kwa mita omu za vyote viwili pamoja, na rezista iliyo karibu na jibu hilo ndiyo yako. Njia hii imeniondolea mabishano mengi na nafsi yangu.

Faida nyingine ya kupunguza ni betri. Betri ya kawaida ya volti 9 ya alkali ina kama miliampia-saa 500. LED tano za miliampia 20 kila moja zitaimaliza ndani ya saa tano hivi, tena zikififia njiani. Tano hizo hizo kwa miliampia 2 zitakwenda kama saa hamsini. Kidonge cha CR2032, ile betri bapa kama sarafu, kina volti 3 na takriban miliampia-saa 220. Kinawasha nyekundu vizuri, nyeupe kwa shida, na mimi nakitumia zaidi kwa kupimia mezani. Modeli ya kukaa rafuni naiunga kwenye chaja ya simu ya volti 5, kwa waya wa USB. Volti 5 toa 3 ni 2, kwa miliampia 2 unahitaji omu 1000. Rahisi kukumbuka. Umeme wa ukutani wenyewe usiuingize kwenye modeli kwa njia yoyote. Chaja ipo ili isimame kati yako na huo.

Ukiwa na taa zaidi ya moja, kuna jambo ambalo huwachanganya karibu wanafunzi wote, na ni vizuri ulione kwa macho yako mezani. Chukua LED nyekundu na nyeupe, ziunge sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zote mbili zipitie rezista moja. Washa. Nyekundu inawaka, nyeupe iko kimya kabisa. Ukiing'oa nyekundu, nyeupe inafufuka. Hakuna iliyoharibika: nyekundu inatosheka na volti 2, ikishaanza kupitisha mkondo inazishikilia volti hapo hapo, na nyeupe inayotaka 3 haizifikii. Hata LED mbili za rangi moja hazifanani kabisa, moja itavuta zaidi ya mwenzake. Dawa ni kila LED kuwa na rezista yake. Unaweza pia kuziunga mfululizo, moja ikimfuata mwenzake, kwa rezista moja: nyeupe mbili ni volti 6, kwenye betri ya 9 zinabaki 3 za rezista. Nyeupe tatu ni 9, hakuna kilichobaki, zitawaka kwa kusinzia au zisiwake. Nyekundu tatu ni 6, hizo sawa. Mimi napendelea kila taa na rezista yake, ingawa ni waya nyingi zaidi, kwa sababu naweza kupunguza moja bila kuigusa nyingine.

Swali linalofuata ni ukubwa, na hapa toa kikokotoo. LED ya milimita 3 kwenye kipimo cha 1/72 ni sawa na taa yenye upana wa sentimita 21.6. Hakuna ndege yenye taa ya bawa ya ukubwa wa sahani. Kwenye gari la 1/24, kwa upande mwingine, taa ya mbele ya mviringo ya magari ya zamani, yenye kipenyo cha sentimita 17.8, inakuwa milimita 7.4, kwa hiyo LED ya milimita 3 au hata 5 inakaa nyuma ya kioo bila shida. Kwa hiyo LED zenye miguu nazipeleka kwenye magari na majumba. Kwenye ndege na meli unahitaji vidude vya kubandika, vile visivyo na miguu. Namba zake zinatisha lakini ni vipimo tu: 0603 ni milimita 1.6 kwa 0.8, na 0402 ni milimita 1 kwa nusu. Hiyo ya mwisho ukipiga chafya imekwenda. Nunua zilizokwisha kuungwa waya, siyo uvivu, ni akili. Za kuunga mwenyewe zije baadaye.

Waya wenyewe uwe mwembamba. Ninaoupenda ni waya wa kusukia mota, ule wa shaba uliopakwa vanishi, unene wa milimita 0.1 hadi 0.2. Unapita kwenye tundu la sindano na ukipakwa rangi ya modeli hauonekani. Vanishi ndiyo ngozi yake, kwa hiyo kabla ya kuunga lazima uitoe mwishoni: ikwangue kwa wembe, au chovya ncha kwenye tone moto la risasi ya kulehemu mpaka vanishi iungue na shaba ishike risasi. Usipofanya hivyo utaunga vizuri kwa macho na umeme hautapita.

Kulehemu sitakufundisha kwa maandishi, ni kazi ya mkono. Nitasema mawili matatu tu. Plastiki ya modeli huanza kulegea karibu na nyuzijoto 100, na chuma chako cha kulehemu kiko kwenye 350. Kwa hiyo maungio yote yafanywe nje ya modeli, kwenye ubao, na ndani uingize kitu kilichokwisha kuungwa na kupimwa. Paka risasi kwanza kwenye waya, kisha kwenye mguu wa LED, ndipo uvigusishe na kuvipasha pamoja. Sekunde mbili au tatu zinatosha. Ungio zuri lina mng'ao na linatelemka kuukumbatia waya. Lililokaa juu kama kidonge halijashika. Bana mguu kwa kibanio cha chuma kati ya ungio na kikofia ili joto liishie hapo. Fungua dirisha, usivute moshi, na nawa mikono kabla ya kushika chakula kama risasi yako ina madini ya risasi kweli.

Sasa tufike nilikotaka kufika.

Chukua nusu mbili za ndege ambazo hazijapakwa rangi, weka LED ndani, zibane kwa vidole, uzime taa ya chumba. Ndege nzima inawaka. Tumbo, mbavu, mkia, kila kitu, rangi ya kijivu imegeuka taa ya chumba cha kulala. Plastiki ya modeli ni nyembamba kuliko unavyodhani, na rangi ya nje peke yake haiuzuii mwanga, hasa nyeupe, njano na nyekundu. Usipolijua hili mapema, huna cha kufanya baada ya gundi.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote napaka ndani nyeusi. Mkono wa kwanza, ikauke, mkono wa pili kwa kukatiza upande mwingine. Halafu juu ya nyeusi napaka nyeupe au fedha sehemu zile tu ambazo nataka mwanga urudi, kwa mfano dari la chumba au nyuma ya kioo cha taa. Nyeusi inazuia, fedha inarudisha. Ukianza na fedha peke yake utaona inavuja vile vile. Wengine hubandika karatasi ya foili ndani, na inafanya kazi nzuri sana, ila kumbuka foili ni chuma: mguu wa LED ulio uchi ukiigusa, unagusana na mguu wa pili kupitia hiyo hiyo foili, na unabaki unajiuliza kwa nini LED haiwaki. Foili ifunikwe kwa gundi ya karatasi au utepe kabla waya haijapita juu yake.

Baada ya rangi, mshono. Mahali pawili panapokutana, hata pakibana vizuri, mwanga hupata njia, na usiku unaonekana mstari mwembamba kama umechorwa kwa kalamu. Nachanganya gundi nyeupe ya mbao na tone la rangi nyeusi, naipaka kwa ndani kwa kijiti cha meno, kwenye mshono, kwenye matundu ya waya, pembeni ya vioo. Ikikauka inabaki kama mpira na haiharibu chochote. Kisha jaribio: chumba giza totoro, taa imewashwa, modeli imebanwa kwa utepe bila gundi, unaizungusha mbele ya macho polepole. Kila nukta inayovuja ipe alama kwa penseli. Washa taa ya chumba, ziba, zima tena. Hii ndiyo kazi inayochosha na ndiyo wengi wanairuka.

Kwenye vyumba vya nyumba, tenga. Kata kuta za karatasi ngumu nyeusi, kila chumba kiwe sanduku lake lenye LED yake, na vyumba vingine viache giza. Nyumba ambayo kila dirisha linawaka kwa nguvu moja haijawahi kukaliwa na mtu. Ukipata dirisha moja la manjano ghorofani, moja hafifu la ngazi, na mengine meusi, hapo kuna watu ndani. Nyuma ya kioo weka kipande cha karatasi ya kufuatishia michoro, mwanga utasambaa na LED yenyewe haitaonekana. LED za kikofia hutupa mwanga mbele kwa pembe nyembamba; ukizisugua kwa msasa laini mpaka kikofia kiwe na ukungu, au ukikikata juu kwa bapa, mwanga unatawanyika pembeni.

Rangi ya weupe nayo ichague. Nyeupe ya baridi, inayoelekea ubluu, inafaa taa za magari ya kisasa, karakana na hospitali. Kwa nyumba, magari ya zamani na treni, tafuta nyeupe ya joto, iliyoandikwa kelvini 2700 hadi 3000. Kama unazo za baridi tu, zipake rangi ya chungwa ya kioo, ile inayopitisha mwanga, mkono mmoja mwembamba. Taa za nyuma za gari zipunguze kuliko unavyodhani zinafaa. Na ukitaka breki, kuna ujanja ninaoupenda: unga rezista mbili mfululizo na LED nyekundu, ya omu 1000 na ya 4700, kisha swichi ndogo iungwe sambamba na ile ya 4700. Swichi ikiwa wazi ni taa ya usiku, ukiibonyeza mkondo unairuka 4700 na taa inapanda kuwa breki. LED moja, kazi mbili, kama kwenye gari lenyewe.

Kwa ndege na meli usibuni rangi. Upande wa kushoto wa rubani ni nyekundu, kulia ni kijani, nyuma nyeupe. Meli zina sheria hiyo hiyo, na pembe zake zimepimwa: taa za ubavuni hufunika nyuzi 112.5 kila moja, ya nyuma 135, ukizijumlisha unapata duara kamili la 360. Taa nyeupe ya mlingoti inatazama mbele kwa nyuzi 225, sawa na za ubavuni mbili zikiunganishwa. Maana yake kwa mwenye modeli ni kwamba taa nyekundu isionekane ukiwa upande wa kulia wala nyuma kabisa. Kijikaratasi cheusi cha milimita mbili nyuma ya taa kinatosha, na mtu anayeijua bahari akiiona modeli yako ataitambua.

Pale ambapo hata 0402 haiingii, tumia nyuzi za faiba za plastiki. Zipo za robo milimita, nusu, moja na kuendelea. LED moja iliyofichwa tumboni mwa meli inalisha nyuzi nyingi zinazokwenda kwenye madirisha madogo, na hakuna umeme unaofika huko, ni mwanga mtupu. Zikusanye kwenye kimrija cheusi pamoja na LED, zikate kwa wembe mkali kwa mkato mmoja, na usizikunje kwa kona kali, mwanga unapotea kwenye kona. Ncha ikisogezwa karibu na chuma cha moto bila kukigusa, inavimba na kuwa kikofia kidogo kama kioo cha taa. Unapitisha uzi kwa nje, unauvuta mpaka kikofia kikae kwenye tundu. Usibandike faiba kwa supa gluu, inaifanya ikatike ovyo. Supa gluu isikaribie hata vioo vya modeli, mvuke wake unaacha ukungu mweupe usiotoka. Gundi nyeupe ndiyo ya vioo na faiba.

Taa za kumwekamweka ziache mpaka umalize modeli moja ya taa tuli. Zipo LED zenye saketi yake ndani, zinazomweka zenyewe, na zipo za kutetemeka kama mshumaa. Mbili za mshumaa na moja ya chungwa isiyotetemeka, zikiwa chini ya vijiti vilivyopakwa masizi, zinafanya moto unaoaminika kuliko moja peke yake. Ukitaka kuamua mwenyewe kasi, chipu ya kupimia muda iitwayo 555, ambayo imekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, bado inafanya kazi: kwa rezista ya omu 1000, nyingine ya 68,000 na kapasita ya mikrofaradi 10, inamweka karibu mara moja kwa sekunde. Ukipunguza kapasita inaharakisha.

Mwisho ni njia ya kutoka. Waya zote zipitie sehemu moja, kwenye gurudumu, nguzo ya stendi au chini ya kitako, na rezista zikae huko chini kwenye kitako na si ndani ya modeli, ili siku ukiona taa ni kali ubadilishe bila kuvunja kitu. Weka kiunganishi kidogo cha pini ili modeli iweze kuchomolewa na kufutwa vumbi. LED ikiendeshwa kwa mkondo mdogo itadumu miaka mingi. Kinachokufa ni ungio la waya, na linakufa mtu anapoinua modeli waya ukiwa umevutwa. Acha mlegezo wa sentimita chache umekunjwa ndani, upige tone la gundi kabla tu ya tundu la kutokea, na uandike kwa penseli chini ya kitako: volti ngapi, waya upi ni chanya.